Wageni wa Angani Juu ya Manibe

Jamani, nichekeni tu. Jioni nilikuwa narudi Manibe kwa boda kutoka Koboko, nikaona mwanga unayumba juu ya miti, umezungukwa na maelfu ya mabawa yanayometameta! Mimi, mzee wa kanisa mwenye mvi, nikapiga simu redioni papo hapo. Nikawaamuru watu wote wa Arua wapige magoti, wageni wa angani wameshuka. Dereva wa boda alikuwa ameshapiga magoti yake kando ya barabara. Nikiwa bado hewani, mtangazaji akaunganisha simu nyingine. Alikuwa mke wangu.

"Baba Draru, hiyo iko taa yako ya sola, ile ulifunga asubuhi juu ya mti mrefu. Wacha kelele, leta beseni. Kumbikumbi iko mingi!"