Tarehe Mbili Kwenye Faili

Kwa miaka sita nimekula kwa maneno ya wengine. Mimi ni mkalimani kwenye ofisi inayowahoji wakimbizi wanaoomba kuhamishiwa nchi ya tatu, si kwao wala hapa walipokimbilia. Sheria yetu ni fupi: tafsiri kila kinachosemwa, usiongeze, usipunguze, usimsaidie mtu. Mume wangu hunitania kwamba kazini nimefundishwa kujizuia, nyumbani ndipo ninapolipiza.

Siku ile aliingia mama mmoja, fundi cherehani, na binti zake wawili wa miaka tisa. Familia huhojiwa pamoja. Afisa alifungua faili akagongagonga kalamu juu ya tarehe mbili: mkubwa kazaliwa mwezi wa tatu, mdogo mwezi wa saba, mwaka uleule. Akauliza kama wote ni wa kuwazaa.

“Wote nimewazaa mimi,” mama akajibu bila kupepesa macho.

Nikatafsiri. Uongo mmoja ukiandikwa, faili linafungwa, na hawa walikuwa wamesubiri miaka minane. Afisa akarudia swali. Jibu likawa lilelile. Akasema atauliza mara ya mwisho, na uso wake haukuwa na utani. Hasira zikanipanda. Huyu mama kichwa kigumu hivi cha nini? Mtoto wa kulea anaruhusiwa, ana fomu yake kabisa.

Basi nikavunja sheria. Nikapenyeza maneno yangu ndani ya swali la afisa.

“Mama, sema kweli. Hata wa kulea anasafiri.”

Alimtupia jicho mdogo, akanigeukia. Kisha akasema, kwa sauti ya chini, kwamba mdogo ni wa marehemu dada yake, aliyefia njiani mtoto akiwa na wiki mbili. Afisa akaandika, akatoa fomu, hata akatabasamu. Nikashusha pumzi. Nilijiona shujaa, Mungu anisamehe.

“Huyu afisa sikuwa namficha kitu,” mama akaniambia. “Nilikuwa namficha huyu mtoto, asijue.”

Ndipo nikamwangalia yule mdogo. Alikuwa ameuachia mkono wa dada yake, na macho yake yalikuwa kwangu, si kwa mama.

“Kwa hiyo mama yangu alikuwa anaitwa nani?”

Afisa aliniuliza mtoto kasema nini. Nikafungua mdomo nitafsiri, nikaishia kulia.