Wifi Imelda na Vidonge vya Udongo wa Urani

“Sasa dada, hayo maji yalikuwa na urani kiasi gani?” Daktari aliniuliza hivyo mbele ya nusu ya mtaa wetu wa Mfaranyaki. Aibu ile hainiishi, acheni tu niisimulie.

Miaka ile wageni walikuwa wameanza kutafuta urani, madini yale ya mionzi, huko Namtumbo, na bibi yetu wa Hanga, kijiji cha huko huko, akakiogopa kisima chake. Mimi nilikuwa likizo kutoka chuo kikuu, mwanakemia nisiyeamini kitu mpaka kipimwe (isipokuwa, kumbe, mawazo yangu mwenyewe), na nilikuwa nimesoma kwamba kuna udongo ambao chembe zake, ndogo hata hadubini ya kawaida haizioni, hunasa urani iliyomo majini. Nikaagiza ndoo ya maji ya bibi, ikaja Ijumaa, akaipokea Shangazi Skola tuliyeishi naye, Jumamosi nikayakoroga na udongo wangu, nikachuja kwa kitambaa, kisha udongo ule nikaufinyanga vidonge nikavianika kwenye ungo barazani, vikikauka nivipeleke maabara.

Sasa niambieni, vidonge vya udongo kwenye ungo, na ndani yumo Wifi Imelda, mke wa kaka, mimba ya miezi mitano! Nilimkuta anatafuna cha tatu.

“Wifi, udongo wa leo mtamu, umenunua kwa nani?”

“Tema! Una urani!”

Nilipiga kelele hizo akina mama wa jumuiya wakitoka kusali nyumba ya pili, basi tukaenda hospitali msafara mzima, Imelda analia, Shangazi Skola ananifokea njia nzima: “Chuo ndicho kilichokufundisha kumlisha sumu wifi yako?”

Ndipo likaja swali la daktari.

“Sikupima,” nikasema.

“Basi udongo umenasa nini?”

Imelda akaacha kulia, akanitazama. Sikujua nimtulize au nilie naye.

Mtoto alizaliwa salama, mnene. Vidonge vilivyobaki havikuonyesha chochote maabara, nikazidi kuchanganyikiwa: udongo umeshindwa, au kisima ni safi? Nikaapa kutochuja tena nisichokipima.

Mtoto yule alikuwa darasa la tatu siku Shangazi, akichambua mchele, aliponiambia kama jambo dogo tu kwamba Ijumaa ile maji ya bomba yalikatika, maji ya Hanga akayapikia maharage, na ya bomba yaliporudi akanijazia ndoo ileile nisije nikanuna.

(Maharage yale nayakumbuka. Niliongeza sahani.)