Ngozi ya Kiatu cha Kushoto

Mume wangu alipokwenda vitani aliacha viatu vyake vya ngozi kwenye sanduku la mbao chini ya kitanda. Vilikuwa vyeusi, ndivyo alivyovaa siku tuliyofunga ndoa misheni, na pale kijijini kwetu Iguguno wanaume wenye viatu vya namna ile hawakuwa wengi. Aliniambia nisivitoe nje, vumbi litaviharibu. Hakujua kwamba ngozi isiyoguswa huharibika upesi zaidi.

Kiangazi kilipofika nilifungua sanduku nikakuta vimekakamaa kama gome. Sehemu ya kukunjia vidole ilikuwa imepasukapasuka, na mchwa walikuwa wamekula soli. Nilikaa chini nikalia. Tangu aondoke sikuwa nimepata habari yake yoyote, na mtu akiwa katika hali ile kila kitu hukiona ni ishara.

Nikavifunga kwenye khanga, nikavipeleka Singida mjini kwa fundi viatu. Alitia soli mpya ya ngozi ya ng'ombe, kisha akanifundisha kuvitunza. Nifute vumbi kwa kitambaa chenye unyevu, niviache vikauke kivulini, nisivisogeze motoni kamwe. Halafu nipake mafuta ya nyonyo kidogo, yakishanywewa nipake nta iliyoyeyushwa na kuchanganywa na masizi, nisugue mpaka ving'ae. Nikawa nafanya hivyo kila Jumamosi, uani, baada ya kutwanga.

Baba mkwe alikuwa akiniona. Mwaka mwingine ulipopita bila habari, mdogo wake mume wangu akawa anajiandaa kuoa. Baba mkwe akaja, akakaa kwenye kigoda, akaongea nami kwa upole.

"Mwanangu, tumengoja sana. Viatu hivi mpe mdogo wake, avivae siku yake."

Nilikuwa sijawahi kumkatalia jambo. Nilipiga magoti, nikamjibu huku nikiangalia chini.

"Baba, siku mtakayokaa msiba wa mwanao, nitavitoa mwenyewe. Kabla ya hapo, nisamehe."

Aliinuka akaondoka. Nilidhani nimemkosea. Lakini aliporina asali ya mizinga yake, niliamka nikakuta donge la nta mlangoni kwangu, limefungwa kwenye majani. Alifanya hivyo kila msimu, wala hatukulizungumzia.

Vita vikaisha. Mume wangu alishuka kwenye lori mchana, akiwa na magongo, na mguu wa kushoto umekatwa chini ya goti. Wanawake waliokuwa wameanza vigelegele wakanyamaza. Nilimpokea mzigo wake, tukaenda nyumbani polepole.

Sikupata nafasi ya kuvificha viatu. Alivikuta kando ya kitanda. Akavaa cha kulia, akafunga kamba taratibu. Cha kushoto alikipakata, akawa anakigeuzageuza.

"Nani amevitunza hivi?"

Nikamwambia ni mimi. Akakiweka chini, akalala akiwa ameelekea ukutani.

Alikaa muda mrefu bila kufanya kazi wala kuzungumza. Mambo ya vita hakumsimulia mtu, hata baba yake. Kiatu cha kulia alikivaa kila siku, na kwa kuwa mguu ule sasa ulibeba mwili wote, kikachanika ubavuni. Asubuhi moja nilitoka kuchota maji nikamkuta mkekani na kisu, kiatu cha kushoto amekwisha kukipasua. Nilimshika mkono.

"Niache," alisema. "Hiki hakina wa kukivaa. Acha kimsaidie mwenzake."

Nilikwenda jikoni, nikakaa huko mpaka machozi yakakauka. Niliporudi alikuwa anahangaika na msharasi, ile sindano nene ya kushonea viatu, ngozi inateleza. Nikakaa karibu yake, nikaivuta ikakaza, naye akashona. Tulipomaliza nilipaka nta nikasugua. Kiraka kikawa hakionekani.

Mwalimu wa dini alikiona kiatu kile kanisani, akaleta vyake. Wakafuata wengine, hasa waliorudi kutoka vitani na buti zao. Mume wangu alishona, mimi nilipaka mafuta na kung'arisha. Akaanza kuongea kidogo, juu ya kazi tu.

Ndipo akaja mama mmoja mtu mzima kutoka upande wa Mtinko, na viatu vya mwanawe aliyefia Burma, ng'ambo kule alikopigana mume wangu. Alitaka viwe vizuri, basi, akaviweke ndani. Mume wangu alimwamkia shikamoo, akavipokea kwa mikono miwili. Mama akamuuliza kama alimfahamu kijana wake. Akasema hapana, walikuwa wengi mno.

"Basi niambie huko kulivyo," mama akasema. "Sijui nimuwazie yuko mahali gani."

Mume wangu aliinamia kiatu. Kisha akaanza kusimulia, huku akishona: mvua isiyokatika, msitu, matope ya magotini, nyumbu wa jeshi, wale chotara wa punda na farasi, waliobeba vyakula. Akamweleza walivyowazika wenzao, na kwamba waliwafunika vizuri. Akafika siku ya mguu wake, nayo akaisimulia. Nilikuwa nimeshika kitambaa chenye mafuta, nasikia habari ile kwa mara ya kwanza.

Mama alisikiliza mpaka mwisho bila kulia. Akaomba kitambaa, akaking'arisha kiatu cha pili mwenyewe, nami nikamwonyesha namna ya kusugua. Jua lilipopungua alivifunga kwenye khanga, akamshukuru mume wangu, akashika njia ya Mtinko.