Begi Alilofungasha Shemeji

Mimi ni dobi katika hoteli moja ya watalii hapa Karatu, na kinyaa nilicho nacho nimekipatia kazini. Suruali ya mgeni aliyeshuka kreta ya Ngorongoro ina mifuko mpaka magotini, na kila mfuko una uchafu wake: ganda la ndizi, karatasi ya kupengea iliyokauka, kipande cha soseji kilichoanza kuota manyoya. Halafu kuna vile vifaa. Visu vya kukunja vyenye koleo ndani yake, filimbi, tochi za kuvaa kichwani, bangili za kamba ambazo eti ukizifumua unapata kamba ya kujiokolea. Mgeni akivisahau vinakaa mapokezi, na asipovitafuta tunagawana. Vyangu vyote nilikuwa nampa shemeji yangu, mume wa dada, maana mimi nikishika kitu kilicholowa jasho la mtu nisiyemjua mkono wote unaniwasha.

Shemeji ni dereva wa watalii. Anapanda Ngorongoro na kushuka, msimu hadi msimu, na wageni nao wakiagana naye humwachia vitu hivyohivyo. Kuna madereva wengine wanaviuza. Yeye anavivaa. Kiunoni kisu, kifundoni bangili ya kamba, shingoni filimbi, kwenye mkanda kijichuma cha kuwashia moto, akitembea anagongana mwenyewe kama mbuzi wa kengele. Dada yangu anamwona mwanamume kweli. Mimi nilikuwa namwona duka.

Mama yetu anaishi Oldeani, peke yake, na kahawa yake kidogo nyuma ya nyumba. Ana sukari, ile ya kujidunga sindano. Masika yaliyopita mvua ilikata barabara akakosa kliniki, na ndipo tukakubaliana awe na begi dogo la dharura, la kutembea nalo kila aendako, shambani, kanisani, hata kwa jirani. Shemeji akasema, "Niachieni mimi, hiyo ndiyo kazi yangu." Nikasema sawa, lakini nitakuja kuangalia unachoweka.

Nilimkuta amevitandaza mezani kwake, juu ya kitambaa cha mezani cha dada yangu, pale pale wanapolia ugali. Akaanza na mrija wa kuchujia maji. Kwa mrija ule, akanieleza, mtu anaweza kunywa dimbwi la kiboko asiumwe tumbo. Nikauchungulia. Ndani kulikuwa na weusi unaoteleza, na kwenye ncha yake alama za meno.

"Meno ya nani haya?"

"Ya mgeni mmoja, mtu mzuri sana."

"Umeuchemsha?"

"Huu hauchemshwi, shemeji, utaharibika."

Nikauweka chini kwa kidole kimoja na kidole hicho nikakishika mbali na nguo yangu. Tochi ya kichwa ilikuwa na mkanda uliokakamaa kwa jasho, na nywele ya njano imejisokota kwenye bakuli la taa. Kile kisu alichokisifia kuliko vyote, chenye mkasi na koleo na kifungua chupa, nilikifungua nikaona kitu cheupe kimebana kwenye mfereji wa mpini. Nikakichokoa kwa njiti ya kiberiti. Ukucha. Ukucha wa mguu, mnene, umekatwa na mkasi huohuo, na shemeji alikuwa akikatia nyanya kisu kile akiwa safarini, na mimi nimekula kachumbari yake. Nilitoka nje nikatema mate mpaka yakaniishia.

Niliporudi nikamwambia mama yangu hatabeba takataka za watu. Nikachagua mwenyewe, na sikuchagua kwa kuangalia kinachong'aa. Niliwaza mkono wa mama, vidole vimevimba viungo, mkono unaotetemeka sukari ikimsumbua. Kisu cha kufungua kwa kucha hawezi kukifungua. Waya wa kukatia miti ataukatia nini, yule? Nikachukua filimbi, nikaichemsha. Nikachukua tochi ndogo ya kubonyeza mara moja. Nikachukua lile blanketi jembamba linalong'aa kama karatasi ya sigara, kwa sababu lilikuwa jipya, halijafunguliwa, na mtu akilowa linamtunzia joto. Na mfuko wa mbele, unaofikika hata bila kutazama, nikaujaza glukosi na peremende. Nesi wa kliniki alishatuonya: mtu wa sindano chakula kikimchelewea, sukari yake inaweza kushuka ghafla, na hapo hakuna muda wa kuinjika sufuria. Asipopata kitu kitamu haraka anapotea.

Shemeji aliangalia begi lililobaki limelegea akasikitika. "Nafasi yote hii imelala bure," alisema.

Siku ya kliniki alikuja kutuchukua na gari la kazini, maana hakuwa na wageni, na mimi nilikuwa nimelala kwa mama. Mvua ilikuwa imenyesha na ilikuwa inataka kunyesha tena. Mama alishajidunga na kikombe cha uji kilikuwa mbele yake, ndiyo kwanza amekinywa mafunda mawili matatu, honi ikalia nje. Akakiweka chini. Nikamwambia amalize. Akasema mkwe hasubirishwi, akajifunga kanga yake nzuri, akaenda kukaa kitandani avae viatu. Shemeji akaingia, akamwamkia, akalichukua begi pale sebuleni. Mimi nilikuwa uani nikifunga kuku.

Wenye kazi ya utalii mtamwelewa zaidi ya nilivyomwelewa mimi. Dereva kabla hajaondoka na wageni anakagua mabegi. Pale geti la Ngorongoro kuna nyani wasio na haya hata kidogo. Wanafungua milango ya magari, wanapora begi mikononi mwa mtu mzima, na wanachofuata ni harufu ya tamu. Kwa hiyo dereva anatoa ndizi, anatoa biskuti, anatoa pipi, kila asubuhi, mpaka mkono wake unafanya wenyewe. Safari yetu sisi haikuwa ya getini. Tulikuwa tunateremka Karatu, kliniki, na nyani wa karibu alikuwa mbali kabisa na njia yetu.

Tulipofika kwenye kona ya migrivea, ile miti ya kivuli cha kahawa, tukakuta lori la kabichi limeteleza na kukatiza barabara, kichwa mtaroni huku, mkia mtaroni kule. Tope jekundu mpaka nusu ya gurudumu. Gari letu lingepita popote, lakini haliwezi kupita juu ya lori. Nyuma yetu mteremko ulishageuka mlenda. Mvua ikaanza. Shemeji akashuka na mkanda wake, uso umechangamka kama mtu aliyeitwa jukwaani.

Alianza kukata matawi ya kutia chini ya magurudumu ya lori kwa ule waya wake wa kukatia miti. Ukakatika kwenye tawi la kwanza. Akatoa kijembe cha kukunja, kikakunjika kweli, kikagoma kukunjuka. Dereva wa lori na utingo wake wakamwangalia, kisha utingo akatoa panga chini ya kiti, panga la kawaida lenye kutu, akaanza kukata. Nilikaa garini na mama nikiangalia tope likiruka, matairi yananuka mpira ulioungua, kabichi zinaoza kwa mvua, na nilikuwa nimechoka na wanaume wote wa dunia hii.

Nilimuuliza mama kama ana baridi, akasema hapana. Baada ya muda nikamuuliza tena, akanijibu kwa Kiiraqw, akaniita kwa jina la dada yake aliyefariki. Nikamgeukia. Alikuwa ameloa jasho, jasho baridi, kanga imegandamana na shingo, na macho yananitazama kama mtu anayetafuta maji gizani.

Nikavuta begi. Mfuko wa mbele ulikuwa umejaa vizuri. Nikaingiza mkono nikatoa ule mrija wenye meno. Nikatoa kisu cha ukucha. Nikatoa tochi ya kichwa na nywele yake ya njano. Nikageuza begi lote juu ya kiti, vikaanguka vyuma tupu na lile blanketi.

Nilimwita shemeji kwa sauti ambayo mpaka leo dada yangu anasema nilimvunjia heshima.

"Glukosi iko wapi?"

Akaja mbio, mvua inamchuruzika. "Niliitoa. Chakula hakikai kwenye begi, si unajua wale nyani..."

Alijisikia mwenyewe akisema. Nilimwona anajisikia. Akaanza kupekua gari, chini ya viti, kwenye droo, mlangoni, na gari lilikuwa safi kama sahani, kwa sababu yeye ni dereva mzuri na gari la dereva mzuri halina hata punje ya njugu. Begi lake mwenyewe lilikuwa na betri. Alirudi akalifungua lile blanketi lililokuwa kitini, akamfunika mama. Nikatamani kumpiga nalo.

Nikatoka kwenye tope na ndala zikabaki hukohuko. Nikamwambia utingo mama yangu anakufa, anataka kitu kitamu, chochote. Kijana wa watu hakuuliza. Alipanda kwenye lori akashuka na chupa ya soda ya plastiki, imebaki robo, gesi imekwisha zamani, imekaa juani siku nyingine na mvuani siku nyingine. Utingo yule alikuwa mtu wa ugoro. Ulikuwa umemjaa kwenye mdomo wa chini, na mdomo wa chupa nao ulikuwa na duara la kahawia, na ndani ya soda kulikuwa na punje zinaelea. Aliniambia, "Samahani dada, nimeinywea."

Niliipokea. Nikaifuta kwa gauni langu, na gauni langu lilikuwa na tope, na sikuona kama imebadilika. Mama alikuwa amekaza meno. Nikamwinua kichwa, nikachovya kidole nikampaka ndani ya shavu, kwenye fizi, nikachovya tena, kidole kinaingia kwenye ile soda ya mate ya mtu na kinaingia kinywani mwa mama yangu, na nilikuwa nasali na kuzuia kutapika kwa wakati mmoja. Akalamba. Akameza. Nikamtilia kidogokidogo kwa kifuniko, mpaka akaishika chupa mwenyewe na kuimaliza, ugoro na yote. Shemeji alikuwa amesimama mlangoni. Alipomwona anakunywa akageuka, akatazama kabichi.

Lori liliondoka kwa panga na mabega ya watu. Karatu, kwenye kituo cha afya, walimpima, wakamtundikia dripu, wakasema tumewahi, tungechelewa kidogo tu wangesema mengine. Shemeji alitumwa akanunue uji. Mimi nikakaa kando ya kitanda, nimenawa mikono kwa sabuni ya kituo mpaka ngozi imekunjamana, na nikaanza kumtukana. Nilimwita kila jina. Nilisema nitavitupa vyuma vyake chooni kimoja kimoja.

Mama akanishika mkono. "Usimseme mkwe wangu. Nilimwona."

"Ulimwona akifanya nini?"

"Akiitoa. Mlango ulikuwa wazi. Alitoa peremende na ile pakiti, akaziweka kabatini, halafu akaweka vitu vyake."

Nilidhani akili bado hazijamrudi. "Na ukanyamaza?"

"Ningemwambiaje, mwanangu? Mtu mzima mimi, nimwambie mkwe wangu asiniondolee pipi?"

"Na garini, ulipoanza kutetemeka?"

"Nilijua. Nikasema labda lori litatoka."

Sikuwahi kusikia kinyaa kama kile. Ule ukucha haukufikia, wala soda. Na hakikuwa cha shemeji tena, kilikuwa cha sisi sote, tuliomfundisha mwanamke kwamba ni afadhali afe garini kwa adabu kuliko mume wa binti yake kujua kwamba ana njaa. Nimeikuta heshima hiyo, nimelelewa nayo, nimewahi kuisifia kwa wageni wanaoniuliza maswali wakati nakunja shuka zao.

Shemeji akaingia na chupa ya uji, nguo bado zimemgandama, tope limekauka mpaka kwenye nyusi. Akaweka uji, akarudi nyuma hatua kadhaa kama ilivyo desturi, akainamisha kichwa.

"Mama, pole sana. Lile blanketi angalau lilisaidia kidogo?"

"Lilisaidia sana, baba," mama akasema. "Lina joto. Begi lako ni zuri."

Nami nikamwona analegea, anapumua, anaamini. Kesho angelifungasha vilevile.

"Alikuona unatoa sukari," nikasema. "Alikuona kwa macho yake, na alijua atazidiwa, akaona aibu kukwambia kwa sababu wewe ni mkwe. Hata uji asubuhi aliuacha kwa ajili yako."

Alibaki amesimama, mkono kwenye mkanda wake, na filimbi shingoni.

Mama aliivuta kanga akajifunika uso wote, mabega yakaanza kumtikisika. Alilia kwa aibu, kwa sauti, mpaka nesi akaja kuuliza anaumwa wapi. Kule kwenye tope, alipokuwa anakufa, hakutoa hata chozi.