Fundi Niliyemjua kwa Sauti

Nilikuwa katibu muhtasi wa shule moja ya sekondari huko Kilolo, na kazi yangu ya kwanza kila asubuhi ilikuwa kupangusa ukungu kwenye kioo cha dirisha ili nione kama mkuu wa shule amefika. Kazi ya pili ilikuwa kuwasha kompyuta. Ofisi nzima ilikuwa na moja tu, imekaa chini ya meza yangu, na humo ndimo kila kitu cha shule kilimowekwa, kuanzia barua za wilayani hadi alama za wanafunzi.

Jumatatu moja ya mwezi wa sita, wiki ya kufunga shule, niliibonyeza ikagoma. Taa iliwaka, feni ikazunguka, lakini kioo kilibaki cheusi. Kisha ikatoa mlio mfupi mara tatu, ikanyamaza, ikarudia tena mara tatu. Niliizima na kuiwasha kama mara kumi. Nilichomoa waya nikachomeka upya. Niliipiga kofi ubavuni, jambo ambalo leo nalionea aibu.

Mkuu wa shule alikuwa mama wa Kibena, mrefu, ambaye sijawahi kumsikia akipandisha sauti. Alisimama mlangoni akasikiliza ule mlio.

"Ripoti za wanafunzi zimo humo?" aliuliza.

"Zimo, mama."

"Na wazazi wanakuja Ijumaa."

"Ndiyo, mama."

"Basi tafuta namna," alisema, akaenda zake darasani.

Ubavuni mwa mashine palikuwa na karatasi ndogo ya gundi yenye namba ya simu ya duka lililotuuzia, duka la Iringa mjini. Nilipiga nikiwa sina matumaini sana. Aliyepokea alikuwa mzee, sauti yake nyembamba, tulivu.

"Kamwene," alisema, akinisalimu kwa Kihehe.

Mimi ni Mnyakyusa wa upande wa Mbeya, nimeolewa Kilolo, na Kihehe changu wakati huo kilikuwa cha kuombea maji. Nikamwambia shikamoo kwa Kiswahili. Akacheka kidogo, akaitikia, akaniambia kwamba yeye ni Mhindi, babu yake ndiye aliyefungua duka lile, na Kihehe alijifunza sokoni kabla hajaanza shule. Kisha akauliza kuna tatizo gani.

Nilimweleza. Nilitegemea aniambie nilete mashine mjini, au kwamba fundi atapanda kuja. Yeye akasema, "Dada, iwashe tena, halafu weka simu karibu nayo nisikie."

Nikafanya hivyo. Aliposikia mlio wa tatu alisema, "Hiyo haijafa. Inalalamikia memori. Una bisibisi hapo?"

Sikuwa nayo. Nilikwenda kuazima karakana ya shule, nikarudi nikampigia tena. Kuanzia hapo aliniongoza kama mtu anayemwelekeza mgeni njia ya kufika nyumbani kwake. Chomoa waya wa umeme kwanza. Geuza mashine, fungua skrubu mbili za nyuma, vuta ubavu uje kwako. Shika bati la ndani kwa mkono mtupu kabla hujagusa kingine chochote, umeme wa mwilini uishie hapo.

"Unaona kipande chembamba kama rula fupi, kimesimama wima, kimebanwa kwa vishikizo viwili?"

"Nakiona."

"Bana vishikizo kwenda nje. Kitajiinua chenyewe."

Kilijiinua. Akaniuliza kama nina raba, ile ya kufutia penseli. Nilidhani sijasikia vizuri.

"Raba ya penseli, mzee?"

"Hiyohiyo. Ukingo wa chini wa hicho kipande una meno ya rangi ya dhahabu. Yafute polepole, upande wa mbele na wa nyuma. Huko kwenu unyevu mwingi, yanashika uchafu usioonekana."

Nikafuta. Nikapangusa kwa kitambaa kikavu, nikakirudisha mahali pake, nikakandamiza mpaka nikasikia vishikizo vinajifunga. Nilipowasha, mlio ulilia mara moja tu, na kioo kikajaa rangi ya bluu. Nilikaa chini sakafuni palepale. Mzee upande wa pili hakuniuliza kama imewaka. Alikuwa ameusikia ule mlio mmoja.

"Sasa chapa ripoti zako," alisema. "Ukimaliza, nakili kila kitu kwenye flashi. Leo, siyo kesho."

Ijumaa wazazi walipata ripoti. Mkuu wa shule hakusema neno kuhusu jambo lile, lakini Jumatatu nilikuta bisibisi mpya mbili juu ya meza yangu.

Baada ya hapo nilimpigia mzee yule mara nyingi, kwa muda wa miaka mitatu hivi. Kibodi ilipoandika herufi moja mfululizo, alinifundisha kuipindua na kuikung'uta, ikatoa makombo ya andazi niliyoyajua vizuri. Mwalimu wa jiografia alipodai kazi yake yote imepotea, mzee aliniambia nitafute kwa jina la faili, na tukaikuta ndani ya folda ya picha za harusi ya mwalimu mwenyewe. Taratibu nikaanza kuitwa na walimu majumbani kwao, kisha na watu wa zahanati, kisha na mchungaji. Sikuwa na hofu tena ya kufungua mashine. Niligundua kwamba napenda ile hali ya kukaa na kitu kilichogoma, nikikiuliza swali moja baada ya jingine.

Mara moja tu mimi ndiye niliyemfundisha. Printa yetu ilikuwa ikivuta karatasi mbilimbili na kuzikunja kila msimu wa ukungu. Tulisafisha magurudumu yake, tukabadilisha kila alichonishauri, bila mafanikio. Siku moja niligusa bunda la karatasi nikahisi ubaridi wake, kama shuka lililoanuliwa kabla ya kukauka. Nikalihamishia jikoni kwa wapishi, kwenye rafu iliyo mbali kidogo na moto, likalala huko. Kesho yake printa haikukunja hata moja. Nilipomweleza mzee alisema, "Ngoja niandike hilo. Nina wateja Mufindi wanalia kilio hichohicho." Siku ile nilitembea kwenda nyumbani nikitabasamu peke yangu.

Mwaka wa nne nilitumwa Iringa mjini kufuata fomu, nikaamua kumtafuta. Duka lilikuwa mtaa wa nyuma ya soko, dogo kuliko nilivyolifikiria. Nyuma ya kaunta alikaa mzee mfupi mwenye sweta la kahawia na miwani minene. Nilisema kamwene. Alinitazama, akaitambua sauti, akasimama.

"Mama wa Kilolo," alisema.

Mke wake aliniletea kiti na chai ya tangawizi. Mzee alipochukua kikombe chake nilielewa jambo ambalo sikuwahi kujiuliza. Mikono yake ilitetemeka. Alikishika kwa mikono miwili, na bado chai ilimwagikia kwenye kisahani.

"Miaka mitano sasa," alisema, alipoona naangalia. "Siwezi kushika skrubu. Ulipopiga simu mara ya kwanza nilikuwa nimeshamwambia mke wangu tuache ufundi, tuuze daftari tu."

"Mbona hukuniambia?"

"Wewe uliuliza habari za mashine," alijibu, "hukuuliza habari za mikono yangu."

Nikanywa chai. Tukiwa hapo aliingia sista wa misheni amekumbatia kompyuta ya mezani iliyofungwa kwa kanga. Ilikuwa ikizimika kila baada ya dakika chache, alisema. Mzee alinitazama mimi. Hakuniomba. Alisukuma tu kisanduku chake cha bisibisi kwenye kaunta kuelekea upande wangu.

Nikavua koti. Yeye alikaa kwenye kigoda karibu na bega langu, lakini safari hii hakuniongoza. Alikuwa anauliza, "Unafikiri nini?" nami namjibu. Nilisema mashine inapata joto, tuangalie feni. Tulipofungua, feni ilikuwa imevikwa vumbi kama blanketi, na kwenye pembe, juu ya vumbi, yalilala mayai mawili meupe ya mjusi, madogo kuliko punje za mahindi.

"Ndiyo maana," alisema sista kwa utulivu, kana kwamba jambo hilo hutokea kila wiki. Aliyachukua kwa ncha ya karatasi, akayaweka ndani ya kiberiti kitupu alichopewa na mke wa mzee, na kiberiti akakitia mfukoni. Hakueleza anayapeleka wapi, na hakuna aliyemuuliza.

Nilisafisha feni kwa brashi ya rangi, tukaiwasha, tukaiacha ifanye kazi saa nzima huku tukizungumza habari za mvua na bei ya viazi. Haikuzimika. Sista aliifunga tena kwa kanga yake, akaondoka.

Siku hizi naenda Iringa kila Jumamosi ya pili. Wateja huziacha mashine zao katikati ya wiki, mzee anasikiliza malalamiko yao na kuyaandika kwenye karatasi, kwa herufi kubwa zinazoyumba ambazo nimeshazoea kuzisoma. Nikifika tunakaa wawili, mimi na bisibisi, yeye na miwani yake. Mara nyingine tunabishana. Mwezi uliopita alisema ni ubao mama umeungua, ule mkubwa unaobeba vipande vyote, mimi nikasema ni waya wa umeme tu umelegea. Alikuwa sahihi yeye, na alifurahi mpaka akasahau kunywa chai yake.