Malapa Mapya ya Baba

Nikisema baba yangu alikuwa fundi wa viatu vya farasi, watu wa Dar hucheka kwanza. Farasi gani, Manzese hii? Basi walikuwepo, na bado wapo, upande wa pili wa mji kwenye mabanda ya watu wenye nafasi. Baba aliwafuata kila asubuhi kwa basi la mwendokasi, nyundo na tupa zake zikiwa ndani ya begi langu la zamani la shule. Jioni alirudi na harufu ya kwato zilizounguzwa na chuma cha moto. Mama hakumruhusu hata kuketi kabla hajaoga, naye hakubisha. Alioga, akala nasi sinia moja. Sikumbuki siku aliyokula huko nje wakati sisi tunamsubiri.

Kupigilia misumari wengi wanaweza. Baba alikuwa anasoma. Akibandua kiatu kikuukuu cha farasi, hakukitupa mpaka akigeuze aone kimelika wapi, kisha akuambie farasi anaumwa mguu upi na wapi, hata kama mwenyewe anaapa kwamba mnyama wake ni mzima. Vingine alivileta nyumbani kunijaribu.

"Haya, mama, huyu anakwepa nini?"

Nikikosea alinitania, "Wewe utauziwa farasi mbovu mchana kweupe."

Kwa hiyo nilifundishwa. Hilo ndilo linaloniuma, sina hata pa kujitetea.

Nilipokuwa mtu mzima nilihamia Mbezi, nikawa nauza chakula karibu na stendi ya mabasi, na Jumapili naenda kuwaona wazazi. Jumapili moja nikakuta malapa ya baba mlangoni. La kushoto lilikuwa limelika upande wa nje karibu litoboke, la kulia zima kabisa. Unajua nilichofikiria? Majirani. Watasema binti ana biashara yake mjini, baba anavaa takataka. Nikatoka haraka, nikamnunulia mapya ya buluu, yale ya zamani nikayatupa jalalani, nikarudi kichwa kimevimba kwa sifa.

Baba aliyatazama, akanitazama mimi, akasema, "Ahsante, mama. Mungu akuweke." Akayavaa taratibu. Mimi nikaendelea kumsimulia vituko vya wateja wangu.

Chini ya kidole gumba cha mguu wa kushoto alikuwa na kidonda, na alikuwa akikikwepa kwa kukanyagia ukingo wa nje. Ni kisukari, walituambia hospitalini miezi kadhaa baadaye, wakati mguu hauokoleki tena. Wakaukata chini ya goti. Fundi wa farasi hubana mguu wa mnyama katikati ya magoti yake, akainama, akafanya kazi. Baba hakuifanya tena kazi hiyo. Jirani mmoja alikuja kutupa pole, akasema mganga hajigangi. Nilimjibu vibaya, na mpaka leo sijamwomba radhi.

Siku moja namnywesha uji wodini, nikashindwa kuvumilia.

"Baba, mbona hukuniambia?"

Akashangaa kweli. "Kwani hukuona? Ulipoyatupa yale malapa, nikajua umeshayasoma. Nikasema, mwanangu ananisitiri tu, hataki mama yake ashtuke. Mie nikawa nangoja uniambie twende hospitali."

Alikuwa ananitazama kama zamani, nilipokuwa nimepatia jibu. Nikisema sikuona, nampokonya hata hilo, baada ya mguu. Nikisema niliona, basi nilimwacha aoze huku najua. Nilikuwa na kijiko mkononi na uji unapoa.

"Niliona, baba," nikasema.

Akanipapasa mkono. "Najua. Shughuli nazo zilikuwa nyingi. Usijilaumu, mama."

Tulimzika mwaka uliofuata. Alikwenda akiwa amenisamehe kwa kuona na kunyamaza. Kwamba sikutazama kabisa, sikumwambia.