Nyamaza, Mama, Nyamaza

Wewe, mtoto akilia mbele yako, unamwambiaje? "Nyamaza," bila shaka, nawe unaona umembembeleza, kumbe umetuliza masikio yako.

Juzi, katika ofisi moja ya mtaa wa Rohero, ng'ambo ya mpaka, inayoshauri familia zilizokimbia vita Kongo, kiti kilianguka kwa kishindo. Msichana wa miaka kama sita akajikunja kifuani mwa shangazi yake, machozi yakimtiririka, mdomo wazi, bila sauti hata kidogo. Benchi zima tuliokuwa tukingoja zamu tukaitikia: "Nyamaza, mama, nyamaza!"

Mshauri akatoka chumbani mwake, akachuchumaa mbele ya mtoto. "Apana, mumuache. Lia, mama, huku hakuna mutu anakutafuta." Kisha akamgeukia shangazi: "Nani alimufundisha kulia hivi?"

"Ni vita," shangazi akajibu haraka.

Jibu safi. Vita hubebeshwa kila lawama wala havijawahi kujitetea. Lakini mshauri hakuinuka. Shangazi akaikunja ncha ya kitenge chake, akaikunjua, akaikunja tena.

"Ni mi," akasema hatimaye. "Tulijificha mu shamba ya mihogo, nikamuziba kinywa, nikamuambia nyamaza. Tangu tufike huku, sijamuambia kwamba sasa anaweza kulia."